Sitara ya Wafu: Tafakari juu ya Fawn Brodie, Mwandishi wa Wasifu

Watu wa pwani yetu hulelewa katika adabu moja iliyo nzuri na nzito, nayo ni kuwasitiri waliotangulia mbele ya haki: maiti akishafukiwa na watu wakarudi makwao, makosa yake hufukiwa pamoja naye, madeni yake hushughulikiwa na warithi, na yeyote aketiye barazani akaanza kuyachokoa yaliyozikwa huambiwa, kwa upole kwanza na kwa ukali baadaye, amwache marehemu apumzike. Kwa sababu hiyo wasifu katika lugha yetu umekuwa aghalabu ndugu wa sifa. Maulidi ya Barzanji yasomwayo majumbani yanasimulia maisha ya Mtume kwa kumtukuza. Manakibu ya mawalii yanataja karama zao wala hayataji udhaifu wao. Na Shaaban Robert, alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, aliuandika kama mtu anayelipa deni la heshima. Sisemi haya kwa kulaumu. Nayasema kwa kuwa nataka kumtafakari mwanamke mmoja wa mbali, aliyezaliwa katika kaumu yenye adabu iliyofanana na hii yetu, na pengine kali kuliko yetu, ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa ni kufunua shuka juu ya nyuso za wafu mashuhuri na kutazama kilichokuwa chini yake.

Jina lake lilikuwa Fawn McKay, na baada ya kuolewa akaitwa Fawn Brodie. Alizaliwa tarehe 15 Septemba 1915 mjini Ogden, katika jimbo la Utah huko Marekani, akakulia Huntsville, kijiji kilicho bondeni katikati ya milima, ambako ukoo wa McKay ulijulikana kwa kila mwenyeji. Ukoo huo ulikuwa wa Wamormoni, yaani wafuasi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoasisiwa mwaka 1830 na kijana wa shamba aitwaye Joseph Smith, aliyesema kwamba malaika alimwonyesha mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa kilimani, naye akayafasiri kwa uwezo wa Mungu, na tafsiri hiyo ndiyo Kitabu cha Mormoni. Watu hao walifukuzwa kutoka jimbo hili hadi jimbo lile. Nabii wao akauawa na genge la watu wenye silaha katika jela ya Carthage, Illinois, tarehe 27 Juni 1844. Na waliosalia wakavuka nyika na milima hata wakafika kwenye bonde la ziwa la chumvi, wakajenga mji. Mtoto wa Utah hakuhitaji kufundishwa habari hizi, alizikuta nyumbani.

Na katika kaumu hiyo Fawn hakuwa mtoto wa pembeni. Baba yake, Thomas McKay, alikuwa mwanasiasa na kiongozi wa dini, ambaye mwaka 1941 aliteuliwa kuwa mmoja wa wasaidizi wa Mitume Kumi na Wawili wa kanisa. Ndugu wa baba yake, David McKay, alikuwa mtume tangu mwaka 1906, naye kuanzia 1951 hadi kufariki kwake mwaka 1970 alikuwa rais wa kanisa lote, ambaye kwa itikadi ya Wamormoni ni nabii aliye hai. Na babu yake mzaa mama, George Brimhall, alipata kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Brigham Young. Mtoto wa nasaba kama hiyo hana faragha: akisema neno huhesabiwa limesemwa na ukoo, na akinyamaza ukoo hupumua. Walakini nyumba yenyewe ya Huntsville, kubwa na yenye vyumba vingi, haikuwa na bomba la maji wala choo cha ndani, kwa kuwa ilielemewa na deni, na heshima ya nje ilitunzwa kwa taabu ya ndani isiyotajwa. Baba alikuwa muumini thabiti. Mama, kama binti alivyokuja kumsimulia miaka mingi baadaye, alikuwa mkanaji wa kimya kimya, aliyeshika desturi zote na kuamini machache. Yako mambo mengine ya nyumba ile, ya huzuni zaidi, ambayo waliokuja kumwandika Fawn wameyaandika; sioni haja ya kuyarudia hapa, na msomaji atambue kwamba mimi nami ni mtoto wa ile adabu niliyoitaja.

Ajabu ya Wamormoni ni kwamba watu hawa wenye kusitiri sana wameamrishwa na dini yao kuandika sana. Siku ileile kanisa lao lilipoundwa walitakiwa waweke kumbukumbu; waumini huandika shajara na kuwarithisha watoto; na kwa kuwa wanaitakidi kwamba aliye hai aweza kubatizwa kwa niaba ya aliyekufa, wamekusanya nasaba za watu kutoka pembe zote za dunia, wakazihifadhi katika ghala lililochimbwa ndani ya mlima wa mawe karibu na Salt Lake City. Kaumu iandikayo kiasi hicho hujitia katika hatari ambayo kaumu isimuliayo kwa mdomo haiijui, kwa maana mdomo hujua lini unyamaze, ilhali karatasi huwekwa sandukuni ikimsubiri yeyote atakayekuja kuisoma, awe rafiki au awe hasimu, na ikimkuta mjukuu mwenye macho makali humwambia yote.

Mjukuu huyo alikuwa na akili nyepesi tangu utotoni. Alimaliza Chuo Kikuu cha Utah mwaka 1934, akafundisha kidogo katika Chuo cha Weber huko kwao, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Chicago kusoma shahada ya pili. Huko imani ikamwondoka, wala hakuna kilio katika masimulizi yake juu ya jambo hilo: alisema ilikuwa kama kuvua koti zito wakati wa joto. Huko pia alikutana na Bernard Brodie, kijana wa Kiyahudi, mwana wa wahamiaji kutoka Latvia, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wanazuoni wa mwanzo kufikiri juu ya maana ya silaha za nyuklia katika vita. Walioana tarehe 28 Agosti 1936, siku ileile Fawn alipopewa shahada yake. Upande wa bwana arusi hakutokea jamaa, na upande wa bibi arusi alikuja mama yake tu. Mtu apendaye kusoma dalili za mambo aweza kuona katika arusi hiyo, iliyokimbiwa na jamaa wa pande mbili, mwanzo wa kazi yote iliyofuata. Mimi naona tu vijana wawili waliopendana na kulipia gharama yake.

Kazi yenyewe ilianza kwa swali dogo. Alitaka kujua Kitabu cha Mormoni kilitoka wapi, akaanza kusoma katika maktaba magazeti ya zamani ya sehemu za New York ambako Joseph Smith alikulia, na humo akamkuta kijana ambaye hakuwa ameelezwa habari zake nyumbani: kijana aliyeajiriwa kutafuta hazina zilizofukiwa ardhini kwa kutazama jiwe aliloliweka ndani ya kofia, na ambaye mwaka 1826 alifikishwa mbele ya hakimu kwa sababu ya utafutaji huo. Akaona vilevile kwamba dhana ya kuwa wenyeji wa Marekani ni kizazi cha Waisraeli haikuteremka na malaika, bali ilikuwa ikivuma midomoni mwa watu na katika vitabu vya zama zile. Swali dogo likazaa kitabu kikubwa. Mwaka 1943 mchapishaji Alfred Knopf alimtunukia fedha za kumsaidia kuumaliza mswada, na katika mwaka huohuo Fawn alifika Salt Lake City kutaka kusoma hati za kanisa, akakabiliwa na ami yake David, ambaye alikwisha kupata habari ya kinachoandikwa. Maneno yalikuwa makali, na ingawa mlango haukufungwa kabisa, bibi yule hakutaka tena kupita katika mlango uliofunguliwa kwa jina la ukoo. Kitabu kilitoka Novemba 1945 kwa jina la No Man Knows My History, maneno aliyoyatoa katika hotuba ya Joseph Smith mwenyewe aliyoitoa miezi michache kabla ya kuuawa.

Katika kitabu hicho nabii ni mtu: mcheshi, mwenye moyo mkunjufu, hodari wa kubuni, apendaye kupendwa, aliyeanza, kwa mujibu wa Fawn, kwa hadithi aliyojua kuwa ni hadithi, akaishia kuwa mateka wa imani aliyoizua. Mwishoni mwake kulikuwa na orodha ya wanawake 48 ambao mwandishi aliwahesabu kuwa wake zake. Jambo hili la wake ndilo lililouma zaidi, kwa kuwa Wamormoni walikuwa wamekwisha kuacha ndoa za wake wengi kwa karibu miaka 55, wakawa wanataka kuonekana watu wa kawaida mbele ya Wamarekani wenzao. Mwezi Juni 1946 baraza la askofu lililokaa Cambridge, Massachusetts, lilimtoa katika kanisa kwa kosa la kuritadi. Barua ya kumwita ililetwa nyumbani kwake na wamisionari wawili, naye hakwenda kujitetea, kwa kuwa hakuwa na la kukanusha. Mwanachuoni Hugh Nibley, Mmormoni mwenye elimu nyingi na ulimi mkali zaidi ya elimu yake, aliandika kijitabu cha kumjibu kwa kejeli, ambacho hata leo husomwa kwa kicheko na wanaompinga, ingawa kicheko chake kimechakaa zaidi kuliko hoja za aliyechekwa.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Fawn Brodie alikuwa na kipaji cha firasa, yaani kumtazama mtu aliyekufa miaka mia na kuhisi kilichokuwa moyoni mwake, na kipaji hiki, kama vipaji vyote, kilimdanganya mara kwa mara kwa sababu kilikuwa kimemwambia kweli mara nyingi. Rafiki yake mkubwa katika utafiti, mwanahistoria Dale Morgan, mtu aliyepoteza uwezo wa kusikia katika ujana wake, akaishi baina ya karatasi na kuandika barua ndefu za kustaajabisha, aliusoma mswada wake akamwonya kwamba anatoa hukumu za kijasiri juu ya mambo ambayo ameyakisia tu. Onyo hilo lilimfaa, lakini halikumponya. Alipoona picha ya Oliver Buell, mwana wa mmojawapo wa wanawake waliomo katika ile orodha, aliona sura ya Joseph Smith, akaandika kwamba bila shaka huyu ni mwanawe. Mwanzoni mwa karne hii wataalamu wa nasaba wamepima vinasaba vya wazao wa Buell, na vya wazao wa watu wengine aliowataja, na jibu limekuwa la: baba alikuwa mume wa mama. Ni jambo dogo katika kitabu kikubwa, lakini si dogo kwa huyo mama, ambaye kwa miaka 60 ndani ya kitabu kilichosomwa sana alitajwa kuwa amemzalia nabii mtoto chini ya paa la mumewe.

Hapa ndipo nilipojiuliza kwa kipimo gani tumpime, na nikaona kwamba kipimo kimo katika elimu iliyokuwa ikisomeshwa katika misikiti ya Lamu na Unguja kabla ya babu zetu. Wanazuoni waliokusanya hadithi za Mtume walikabiliwa na tatizo hilihili: wameharimishwa kusengenya, na maiti ana hishima yake, walakini riwaya hupita vinywani mwa watu, na mtu akiwa mwongo au msahaulifu sharti asemwe, kwa jina lake na kwa aibu yake, lau sivyo uwongo utakuwa dini. Wakaijenga elimu nzima ya kuwajeruhi na kuwaadilisha wapokezi, na mashehe kama Nawawi wakaiingiza miongoni mwa mambo ambayo kumtaja mtu kwa ubaya kunajuzu ndani yake, kwa sharti kwamba haja iwepo na asemaye asizidishe. Basi swali si kama yafaa kuwafunua wafu. Swali ni nani aliye na haki inayodhulumiwa wakati shuka inapoachwa mahali pake, na kama mfunuaji amezidisha. Katika wasifu wa Joseph Smith haja ilikuwepo, kwa kuwa watu kwa malaki walikuwa wakiyajenga maisha yao juu ya habari za mtu mmoja, nao walikuwa na haki ya kuzijua. Kuzidisha kulikuwepo vilevile, na mama wa Oliver Buell ni shahidi.

Kanisa lenyewe limekuja karibu yake kwa mwendo wa taratibu. Mwaka 2014 lilichapisha maelezo rasmi yanayokiri kwamba Joseph Smith alioa wake wengi, na kwamba makadirio ya waangalifu ni baina ya 30 na 40. Mwaka uliofuata likachapisha picha za lile jiwe, la rangi ya kahawia lenye michirizi, lililokuwa limehifadhiwa katika hazina yake miaka yote. Fawn hakuyaona hayo. Mwaka 1970 alirudi Salt Lake City akahutubia, katika hoteli iliyo jirani na hekalu, juu ya watu wanaoyachezea yaliyopita ili yawafae, na akaigusa amri ya kanisa iliyowanyima ukuhani wanaume wenye asili ya Afrika, akionyesha kwamba ina historia ya kibinadamu na kwa hiyo yaweza kubadilishwa na binadamu. Amri hiyo iliondolewa Juni 1978.

Kitabu chake cha pili, wasifu wa Thaddeus Stevens, mbunge wa Pennsylvania aliyepigania haki za watumwa walioachwa huru, kilitoka mwaka 1959, nacho ni kazi ya mtu mwangalifu ambayo wengi hawaisomi tena. Cha tatu kinatuhusu sisi. Mwaka 1860 Mwingereza Richard Burton, aliyekuwa amerudi kutoka Afrika mwaka uliotangulia, alisafiri kwa gari la farasi hadi Salt Lake City, akakaa huko yapata wiki tatu, akazungumza na Brigham Young, kiongozi wa Wamormoni, akaandika kitabu ambacho hakikuwatukana Wamormoni kama vitabu vya wakati huo vilivyozoea. Fawn alikihariri kitabu hicho kikachapishwa upya mwaka 1963, na kwa kukihariri akamwingia mwandishi wake, na kwa kumwingia mwandishi wake akafuata nyayo zake hadi Unguja, Kaole, Kazeh na Ujiji. Hivyo binti wa Huntsville, ambaye alitaka kwanza kujua Burton aliwaonaje jamaa zake, akajikuta anaandika habari za msafara uliopita Unyamwezi mwaka 1857 na kufika Ziwa Tanganyika mwezi wa Februari 1858, pamoja na ugomvi wa Burton na msafiri mwenzake, Speke, juu ya chemchemi za Nile, ugomvi ambao ulikatizwa na risasi iliyomuua Speke siku moja kabla ya mjadala wao mjini Bath mwaka 1864. Kitabu hicho, The Devil Drives, kilichotoka 1967, ndicho kilicho na furaha kubwa ya kuandika kuliko vyote vyake. Msomaji wa pwani atakisoma kwa hamu, kisha atahisi upungufu mmoja usiokuwa wake peke yake bali wa takriban wasifu zote za wasafiri: macho yamemkazia Burton, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi Bara Hindi akarudi kuwa mkalimani na kiongozi wa njia, aliyezungumza na Speke kwa Kihindi kati ya pori, hupita kama kivuli cha mtu anayestahili kitabu chake mwenyewe.

Jambo lililomshughulisha Fawn katika maisha ya Burton ni moto. Burton alipokufa Trieste, tarehe 20 Oktoba 1890, mkewe Isabel alimleta kasisi akampa mumewe sakramenti za mwisho za Kikatoliki, katika saa ambayo watu hawakuafikiana kama mgonjwa alikuwa bado yu hai, na baada ya hapo akauchoma mswada wa mwisho wa mumewe, tafsiri ya kitabu cha Kiarabu juu ya mambo ya unyumba, na shajara zake nyingi zikafuata. Isabel aliona kwamba anamsitiri. Pengine kwa nia alikuwa kama shangazi yeyote wa kwetu anayechana barua za marehemu kabla ya tanga kuanuliwa. Na ni Fawn huyuhuyu, aliyekulia nyumbani ambamo mengi yalisitiriwa kwa mapenzi, aliyelazimika kuandika maisha ya mtu ambaye ushahidi wake bora ulikuwa majivu.

Nimeacha kwa makusudi kitabu kilichompa umaarufu mkubwa, kwa kuwa ndicho kinachojibu swali la nani anadhulumiwa. Mwaka 1974 alichapisha wasifu wa Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, mwandishi wa tangazo la uhuru na bwana wa watumwa mamia, na humo akasema waziwazi jambo lililokuwa likinong'onwa tangu gazeti la Richmond lilipolitoa mwaka 1802: kwamba Jefferson, baada ya kufiwa na mkewe, alikaa miaka mingi na Sally Hemings, mtumwa wake, ambaye alikuwa pia dada wa mkewe kwa baba, na kwamba watoto wa Sally walikuwa wake. Sally alipelekwa Paris mwaka 1787 akiwa na umri wa miaka 14 hivi, akimsindikiza binti wa Jefferson. Alizaa watoto ambao wanne kati yao walifika utu uzima. Na mmoja wao, Madison Hemings, fundi seremala, alisimulia habari hizi kwa kinywa chake katika gazeti la Ohio mwaka 1873, akamtaja mama yake, akamtaja baba yake, akaeleza na ahadi waliyopeana. Masimulizi yake yalikuwepo muda wote huo. Wanahistoria waliyajua, wakayaweka kando, wakisema kwamba mtu yule amelishwa maneno, na kwamba watoto walikuwa wa wapwa wa Jefferson, vijana wa ukoo wa Carr. Maana kwao neno la wajukuu weupe lilikuwa ushahidi, na neno la mwana mweusi lilikuwa uvumi.

Bibi Brodie aliyachapa masimulizi ya Madison mwishoni mwa kitabu chake, akamwamini. Akaonyesha pia, kwa kalenda iliyoandaliwa na Dumas Malone, mwanahistoria aliyemtetea Jefferson kwa uhodari kuliko wote, kwamba miezi tisa kabla ya kila uzazi wa Sally, bwana yule asafiriye sana alikuwa nyumbani Monticello. Hiyo ilitosha. Yeye hakuona kuwa yatosha. Akaingia katika maandishi ya safari za Jefferson huko Ulaya, akaona anaueleza udongo mara kadhaa kwa neno la rangi ya chotara, akakata shauri kwamba moyo wa mtu ulikuwa kwa Sally. Wakosoaji walimcheka kwa udongo huo, na wakasahau, au wakataka wasomaji wasahau, kalenda na Madison. Hili ndilo tatizo la firasa katika kazi ya wasifu: mwandishi huwa na burhani mkononi, naye hufurahia zaidi kisio lake, na adui humpiga kwenye kisio.

Mwaka 1998 damu ya mzao wa Eston, mdogo wake Madison, ilipimwa pamoja na damu ya ukoo wa Jefferson kwa upande wa wanaume, zikalingana; za ukoo wa Carr hazikulingana. Mwaka 2000 taasisi inayoitunza Monticello ilikubali kwamba yaelekea sana Jefferson ndiye baba wa watoto wote wa Sally. Na huyo Eston ana kisa ambacho kwangu kina uzito kuliko maabara. Alihamia Wisconsin mwaka 1852, akajiita Jefferson, akaishi kama mzungu, na kizazi chake kikasitiri asili yake kwa uangalifu mkubwa hata baada ya miaka mingi wajukuu hawakujua tena kwamba kuna kilichositiriwa. Ni kwa kusoma kitabu cha Fawn Brodie, miaka ya sabini ya karne iliyopita, ndipo baadhi yao walipokutana na babu yao. Kwa hiyo shuka ilikuwa ndefu: iliufunika uso wa rais, na ncha yake ikawafunika watoto wake hata wasijuane. Waliokuwa wakisema kwamba marehemu aachwe apumzike hawakumwambia Madison Hemings apumzike wapi, yeye aliyeitwa mwongo kwa miaka mia akiwa amelala kaburini.

Fawn alifundisha historia katika Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles kwa takriban miaka kumi, akaacha ili aandike juu ya Richard Nixon, kitabu kilichotoka 1981 na ambacho siwezi kukisifu: alimchukia mtu wake, na alikuwa na haraka, kwa kuwa Bernard alikufa kwa saratani mwaka 1978 na yeye mwenyewe, ambaye hakuwa mvutaji wa sigara, akashikwa na saratani ya mapafu.

Akiwa hospitalini alimwomba kaka yake, aliyebaki muumini, ampe baraka ya kikuhani kama ilivyo desturi ya Wamormoni kwa wagonjwa wao, naye akampa. Jambo hilo lilikuwa lake na la kaka yake. Lakini siku chache baadaye alitoa maneno yaliyoandikwa, akisema kwamba furaha aliyoipata katika baraka ile ilionyesha njaa ya zamani, na kwamba yeyote atakayeikuza kuwa ni ombi la kurudishwa kanisani, yeye anamkanusha sasa na milele. Watu wamemwona mkaidi kwa hati hiyo. Mimi nadhani kwamba mwanamke aliyeandika kurasa za kifo cha Burton, akamfuata kasisi hadi kitandani kwa mtu asiyeweza tena kusema ndiyo wala la, alijua vizuri ni sura ipi katika maisha ya mtu ambayo jamaa huiandika wao wenyewe. Na kwamba ilimwia wepesi zaidi kukiri njaa kuliko kuiacha ifasiriwe na wengine. Alifariki tarehe 10 Januari 1981, na hati yake ikabaki mikononi mwa watu pamoja na habari ya baraka, moja kando ya nyingine, nao waliokuja kumwandika wamelazimika kuzinukuu zote mbili.